Dufie na Mashine Sita Zilizoogeshwa

Kwenye uchochoro wetu wa Adum, hapa Kumasi, laptop haitoki mikononi mwa fundi bila kuogeshwa. Anayeziogesha ni mimi. Naitwa Nsiah. Nauza chaja pia, lakini kazi iliyonipa jina ni hii ya kuogesha, na nimeifanya miaka kumi na moja bila mtu hata mmoja kurudi kunilalamikia. Nataka kueleza habari za Dufie, jirani yangu wa meza ya kushoto, na siwezi kuzieleza bila kujitaja mwenyewe, ingawa kusema kweli ningependa niachwe pembeni.

Kuogesha ni hivi. Mashine zetu zinatoka ng'ambo zikiwa zimeshatumika maofisini, na waliozitumia wameziachia vumbi lao na nywila zao. Mimi nachomoa betri kubwa, nafungua mfuniko wa chini, napuliza feni, nasugua ubao kwa mswaki na spiriti. Kisha nang'oa kile kibetri cha duara, kidogo mfano wa kitufe cha koti, kinachotunza saa ya mashine. Nakilaza juu ya kitambaa dakika kumi ili mashine ipumzike na kuwasahau mabwana wake wa zamani. Ndivyo nilivyofundishwa na walionitangulia, nami sikuuliza zaidi. Nikishakirudisha na kukaza skrubu, naitia mashine kwenye boksi, na kuanzia hapo hakuna anayeruhusiwa kuiwasha. Ataiamsha mwenye mali, kwake, kwa kidole chake. Mteja akipewa mashine ambayo haijaogeshwa anaona amedharauliwa, na sisi wa uchochoroni tunaona amedharauliwa pia.

Dufie alitukuta na desturi zetu. Alitoka Mampong, binti wa fundi wa malori, na utoto wake wote ulipita chini ya magari akimshikia baba yake taa. Mama yake alimfundisha kushona, akashona vizuri tu, lakini siku moja cherehani ya umeme ilipokufa aliifungua mwenyewe badala ya kuipeleka kwa fundi, na tangu siku hiyo, anasema, nguo zikamchosha. Akasoma kompyuta mwaka mmoja chuoni, baba akaugua, akaacha. Alipofika kwetu alikuwa na meza ya kukunja, kigoda, na flashi saba zilizotungwa kwenye kamba shingoni. Kila flashi ilikuwa na aina yake ya Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta.

Tulimcheka, sitaficha. Uchochoro mzima ulikuwa wa Windows. Mwenye usemi zaidi alikuwa Boadi, wa kibanda cha mkabala, mtu mwenye tumbo la heshima na ulimi usiolala.

"Dada," alimwambia siku ya kwanza, "hizo hirizi shingoni ni za mapepo gani?"

"Za mashine ulizozitupa," Dufie akajibu, hata hakuinua macho.

Na kweli, mashine alizozitupa Boadi ndizo zilizomlisha Dufie mwaka wa kwanza. Laptop iliyokuwa ikichukua robo saa kuwaka, yeye anaifuta, anaitia Linux, inawaka kabla hujamaliza kusalimiana. Wanafunzi wakaanza kuja. Wakaja makarani, akaja hata katekista mmoja aliyetaka kuandika mahubiri tu na si kitu kingine. Dufie hana papara. Kila kazi anaiandika kwenye daftari la shule: ugonjwa, chanzo, dawa. Ukimuuliza jambo asilolijua hasemi sijui. Anasema, "Bado sijalikuta," na anavyolisema utadhani jambo lenyewe ndilo lililochelewa kufika.

Basi mwaka jana akaja Madamu Achiaa, mwalimu mkuu wa shule moja ndogo njia ya Ejisu, mwanamke mrefu anayetembea kama anayekagua gwaride. Alikuwa na laptop sita kuukuu, zawadi ya kanisa la ng'ambo. Boadi alishamwambia hazifai. Dufie akaziangalia moja moja, akasema, "Zinafaa, Madamu. Nipe siku tatu."

Siku ya tatu zote sita zilikuwa zinawaka juu ya meza yake, mstari mmoja, na watu wamesimama wanatazama. Akazizima, akanisogezea. Nikaziogesha kwa moyo wangu wote, maana nilishaanza kumpenda yule binti kama mdogo wangu. Madamu akaondoka nazo.

Baada ya siku nne akarudi nazo zote sita.

"Binti yangu, nimeaibika mbele ya wazazi," alisema. "Nimebonyeza ya kwanza: kioo cheusi na maandishi meupe kwamba hakuna kitu cha kuwasha. Ya pili, hivyo hivyo. Mpaka ya sita!"

Dufie akaingia bayosi, yaani ile programu inayokaa kwenye ubao wa mashine tangu kiwandani, inayoamka kabla ya kitu kingine chochote na kuamua nini kifuate. Akakuta mipangilio yote imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Kuna kipengele cha ulinzi mle ndani, ambacho mashine kuukuu zaidi alizozizoea hazikuwa nacho, kazi yake kukagua kama programu inayotaka kuwaka ina saini inayotambulika. Yeye alikuwa amekizima, kwa sababu Linux aliyoizoea haikuwa na saini hiyo. Sasa kilikuwa kimewashwa tena. Alikuwa pia ameionyesha bayosi ilipo programu ya kuiamsha Linux, na bayosi haikukumbuka chochote. Diski zilikuwa nzima, kila kitu kipo, ila mlangoni hakuna aliyelijua jina la Linux.

"Watoto wamebonyezabonyeza," akasema. Akarekebisha zote sita, na safari hii akaitia bayosi nywila ili asiyeijua asiguse. Akaandika daftarini. Akanisogezea mashine.

Nami, kwa kuwa zilikuwa na vumbi la njia ya Ejisu, nikaziogesha upya. Hiyo ilikuwa Jumanne asubuhi.

Ijumaa Madamu akarudi. Hakusalimia. Aliweka maboksi juu ya meza, akafungua la kwanza, akabonyeza mbele yetu. Kioo cheusi, maandishi meupe.

Boadi alitoka kibandani kwake akipiga makofi taratibu. "Nilisema mimi! Madamu, kwangu zimetoka mashine mia ngapi, imerudi ipi? Muulize Nsiah hapo. Nsiah, mashine zangu unaziogesha wewe. Imerudi hata moja?"

"Haijarudi," nikasema. Ilikuwa kweli, na niliisema kwa kunung'unika.

"Sikiliza, mdogo wangu," Boadi akamgeukia Dufie, sasa kwa sauti ya huruma, ambayo kwake ni mbaya kuliko matusi. "Kushona si aibu. Watu watavaa nguo siku zote."

Dufie alisimama. Ni mfupi, lakini siku ile sikumwona mfupi. Akavua ile kamba ya flashi shingoni, akaiweka mezani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa muuza waakye, ule wali wa maharage, kule mwisho:

"Uchochoro wote usikie. Mashine hizi zikirudi mara ya tatu, nakunja meza, narudi Mampong kushona, na Boadi nitamshonea suruali ya kwanza bure. Madamu, nipe mpaka Jumatatu."

"Jumatatu saa nne," Madamu akasema. "Zisipowaka nampelekea huyu." Akamwonyesha Boadi kwa kidevu, akaenda.

Mimi roho iliniuma. Nilimwambia, "Dufie, maneno gani hayo? Ungeniuliza kwanza!"

"Ningekuuliza ungenikataza."

"Ndiyo, ningekukataza!"

"Ndiyo maana sikukuuliza, Kaka Nsiah."

Akakaa, akaiwasha ya kwanza na kuingia bayosi. Akaniambia, "Nywila haipo."

"Watoto wa siku hizi..."

"Hapana. Nywila haiondoki kwa kubonyezabonyeza. Nilikosea mara ya kwanza kuwasingizia watoto wa watu." Akalisema hilo wazi wazi, na daftarini akapiga mstari juu ya neno "wanafunzi" na kuandika juu yake "nilikisia." Mafundi wa kiume wa uchochoro huu, mimi nikiwemo, hatuna desturi hiyo.

Kisha akaona saa. Bayosi ilikuwa inaonyesha Januari tarehe nne, mwaka 2013, saa nane usiku, na sisi tulikuwa Ijumaa ya mwezi wa kumi, jua kali. Mtu mwingine angeisahihisha tu aendelee. Yeye alichukua kalamu, akaandika saa ile, na pembeni yake akaandika saa ya simu yake: tano na dakika ishirini asubuhi. Akawasha ya pili, akaandika. Ya tatu. Mpaka ya sita, kila moja na saa yake, kila moja na saa ya simu pembeni. Hakuna hata mashine mbili zilizolingana.

Akaanza kutoa na kujumlisha. Mimi nilikuwa namhudumia mteja wa chaja, lakini jicho langu moja lilikuwa kwenye daftari. Baada ya muda akaniita.

"Kaka Nsiah, njoo unisaidie kufikiri. Saa ya mashine ikikosa umeme kabisa inarudi mwanzo, Januari tarehe moja, saa sita usiku. Si ndiyo?"

"Ndiyo."

"Ikipata umeme inaanza kuhesabu upya. Hii ya kwanza imehesabu siku tatu na saa mbili. Toa siku tatu na saa mbili kwenye leo, unapata nini?"

Nilihesabu kwa vidole. "Jumanne. Saa tatu na dakika ishirini asubuhi."

"Jumanne saa tatu asubuhi zilikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Madamu alizichukua mchana."

"Kwa hiyo si watoto, si barabara, si umeme wa kule shuleni. Hapa hapa." Akashusha kalamu kwenye mstari wa pili. "Ya pili ilianza kuhesabu robo saa baadaye. Ya tatu, robo saa tena. Ya nne, robo saa. Halafu kati ya ya nne na ya tano, ukiacha robo saa ya kazi, kuna dakika hamsini. Halafu ya sita, robo saa." Akanitazama. "Ni mtu, Kaka. Mtu anayezishika moja moja, anachukua robo saa kwa kila mashine. Na baada ya ya nne alikwenda kula."

Jamani. Jumanne saa nne na dakika tano asubuhi mimi nilikuwa kwa muuza waakye, na jani langu mkononi, wali na maharage, yai moja na nusu ya samaki, na nilikaa kwa sababu kulikuwa na habari tamu za msiba wa Jumamosi. Nilikuwa nimeziacha mashine mbili zinanisubiri. Kile kibetri! Mara mbili nimeking'oa kwa mkono wangu huu, kwa mapenzi, na mara mbili nimemwaibisha binti wa watu, na nilipoulizwa mbele ya uchochoro nikasema za Boadi hazijarudi.

"Ulijua tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu niliposoma zile dakika hamsini. Hakuna mtu mwingine Adum anayekula waakye kwa dakika hamsini."

Sikuweza kucheka. Nikamwambia nakwenda kwa Boadi sasa hivi nikamwambie, kisha kwa Madamu, kisha nitavunja ule mswaki. Akanishika mkono, akanikalisha.

"Kwanza nijibu. Mashine za Boadi unazing'oa kibetri?"

"Zote. Miaka kumi na moja."

"Na zinawaka."

"Zinawaka."

"Basi hapo ndipo pa kufikiri," akasema, na uso wake ukabadilika, ukawa wa mtu anayesikia harufu ya chakula chake. "Zangu zinakufa kwa kitu ambacho zake zinakistahimili. Kosa lako ni kibetri. La kwangu ni kubwa zaidi. Nimejenga kitu kinachosimama juu ya kumbukumbu ya bayosi peke yake."

"Mimi nitaacha kuvitoa. Yameisha."

"Hayajaisha. Utaacha wewe, kesho huko Ejisu fundi redio atafungua mfuniko. Na vibetri hivi vinakufa vyenyewe, miaka miwili mitatu ijayo. Siku hiyo nani atakuwa kule kushika mashine mkono?" Akafunga daftari. "Mashine inayonihitaji nisimame karibu ndiyo iwake, sijaimaliza."

Jumamosi watu wengi walivaa nyeusi na nyekundu wakaenda misibani. Dufie alibaki. Niliketi naye mchana kutwa, na nitaeleza alichofanya kama nilivyokielewa. Kwanza aliiacha ile Linux aliyoizoea, akachukua nyingine ambayo programu yake ya kuwashia ina saini inayokubalika, ili ule ulinzi ukiwa umewashwa uiruhusu ipite, kama mlinzi wa geti anavyomruhusu mwenye barua yenye muhuri. Ulinzi akauacha umewashwa, vile vile ulivyotoka kiwandani. Pili, akagundua kwamba bayosi iliyosahau kila kitu haikati tamaa mara moja. Ina folda moja kwenye diski ambayo hukimbilia kuchungulia, jina lake ni lile lile kwa mashine zote. Windows huweka nakala yake humo. Za Boadi zilikuwa zinaamkia humo miaka yote, na yeye Boadi hana habari. Dufie akaweka humo nakala ya programu ya kuwashia Linux.

"Sasa toa kibetri," akaniambia.

Nilitoa, nikasubiri dakika kumi, nikarudisha. Akabonyeza. Kioo cheusi kidogo, halafu maandishi meupe yale yale: hakuna kitu cha kuwasha.

Nilitamani kulia. Yeye akasema, "Aha," akaingia kwenye diski. Nakala ilikuwa mahali pake, lakini peke yake; kumbe programu za kuwashia ni mbili, zinafuatana, na yule mwenye muhuri alikuwa ameachwa folda nyingine, na asiye na muhuri ndiye aliyesimama mlangoni. Akawapanga upya: mwenye muhuri mbele, mwenzake nyuma yake. Nikatoa kibetri tena. Dakika kumi zile zilikuwa ndefu kuliko misa ya Pasaka. Akabonyeza, na Linux ikawaka.

Tuliitoa kibetri mara tano mfululizo. Ikawaka mara tano. Akazifanyia hivyo zote sita, akaandika, akanunua ndizi za kuchoma na karanga, tukala pamoja.

Jumatatu saa nne Madamu alifika na wazazi wawili wa shule. Boadi alishaweka kiti nje. Muuza waakye aliacha sufuria yake. Dufie alipanga mashine sita mezani, zimezimwa, akaniita kwa sauti ya watu wote kusikia:

"Kaka Nsiah, waogeshee wateja wangu."

Nilisimama mbele ya watu wote na mswaki wangu. Nikafungua mifuniko sita, nikang'oa vibetri sita, nikavilaza kwenye kitambaa kimoja cheupe. Dufie alikaa juu ya kigoda, mikono mapajani, utadhani anasubiri kusukwa. Dakika kumi zikapita. Nikavirudisha, nikakaza skrubu.

"Mwenye mali aamshe," akasema Dufie.

Madamu akabonyeza ya kwanza. Ikawaka. Akabonyeza ya pili. Alipofika ya nne alikuwa ameshaacha kukaza midomo, na ya sita alibonyeza huku anacheka kwa sauti, mzazi mmoja anapiga vigelegele.

"Bahati," Boadi akasema. Mzazi akazidisha vigelegele. Akajaribu tena: "Haya, sawa. Sasa mwanzo zilikuwa zinakufa na nini?"

"Kibetri cha saa kilikuwa kinatolewa," Dufie akasema, anavaa flashi zake shingoni.

"Na nani?"

Dufie akawa bize na fundo la kamba. Nikatazama daftari lililokuwa wazi mezani. Kwenye chanzo aliandika, "kibetri kilitolewa, mpangilio wangu haukuwa imara." Jina langu halikuwepo. Angeweza kuliandika. Kwa miaka miwili nilimwona anaandika kila kitu.

"Mimi," nikasema. "Mimi Nsiah. Mara mbili. Na katikati nilikwenda kula waakye."

Walicheka mpaka muuza waakye akashika nguzo. Boadi ndiye aliyeanza kuniita Januari Mosi, kwa ile tarehe ambayo saa ya mashine hurudia ikikosa kibetri, na jina limenishika; hata wateja wa chaja wananiuliza, "Wewe ndiye Januari?" Nimelizoea. Madamu ameshaleta wakuu wa shule nyingine tatu, na meza ya Dufie sasa ina jirani wa kushoto, meza ya pili, yake pia.

Nilidhani angeanza kunificha mashine zake, au angeniomba nisiguse vibetri. Hakufanya hivyo. Yeye peke yake uchochoro mzima bado ananiita Kaka Nsiah, na kila anapomaliza kazi anaizima, ananisogezea kwa mikono miwili, na kusema, "Ogesha."